Njia za Rangi ya Njano

Mimi ni msomi wa jioni. Nalisema mapema ili mtu asije kuniuliza nilisoma chuo gani. Mchana nilifunga umeme kwenye nyumba za watu mtaa wa Majengo, na jua likishazama nilikwenda kukaa kwenye madawati ya shule ya msingi, magoti yakigusa kidevu, nikijifunza namna mashine zinavyozungumza na mashine nyenzake. Baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa saba mnaijua, inagandisha hata uongo mdomoni. Mwalimu wetu alishika chaki na glavu. Nikahitimu hivyo hivyo, na siku niliyochukua cheti niliamini kwamba kuanzia Tunduma hadi Mpanda hakuna anayejua mitandao ya viwanda kunizidi. Na kweli hakuwepo, kwa sababu hakuwepo mwingine aliyewahi kuiulizia.

Kazi yangu ya kwanza ya kisomi ndiyo hii ninayoisimulia, na ndiyo iliyonimaliza.

Kilikuwa kiwanda cha kukoboa na kusaga mahindi, upande wa Kizwite. Mwenyewe ni mzee wa familia ya wafanyabiashara wa Kiislamu, ambao walianza na duka la chumvi na mafuta ya taa zamani sana, na mji mzima ulimwita Alhaji. Nyuma ya mashine alijenga ghala. Nisipolisifu nitakuwa nimeiba: ndege ingeweza kutua mle ndani na rubani akalalamika kwamba kutembea hadi mlangoni ni mbali. Nusu ya mji ilikula kwa kiwanda kile. Walikula wapagazi, wasagaji, madereva, mama lishe wa getini, wauza pumba, na wakulima wa uwanda wote waliojua kwamba gunia likifika pale litapimwa kwenye mizani isiyokuwa na mkono wa mtu.

Alhaji ana mtoto mkubwa wa kiume anayekaa Dar es Salaam, na ndiye aliyekuwa amekabidhiwa biashara ya familia. Sisi tulimwita bosi mdogo. Huyu hakuona sababu ya unga kusagwa juu huku, mbali na kila mnunuzi. Alitaka mashine zihamie Morogoro. Baba hakutaka. Wakavutana, mpaka mama mtu akaingilia, wakafika mahali pa kukubaliana. Mashine mpya walizokuwa wamenunua ziliweza kutoa habari zake zenyewe. Basi atafutwe mtu atengeneze mtandao, kiwanda pamoja na ghala vionekane Dar kwenye skrini, mchana na usiku, msimu mzima hadi mwisho wa mwaka. Kikionekana bila kukatika, kinabaki Sumbawanga. Kikizimika, kinahama.

Mtu aliyetafutwa ni mimi. Bosi mdogo alinipigia simu kunipima.

"Kaka," akasema, "ninyi huko si mnatuma radi mpaka Dodoma bila waya? Ghala moja litawashinda?"

Utani wa uchawi wetu wa radi tumeuzoea, nikamjibu kwamba radi ni rahisi, ukishaituma hairudi na majibu, na mimi shida yangu ni majibu. Akacheka, akaniambia nianze. Sharti lake lilikuwa moja, asione waya. Alisema waya unaliwa na panya. Panya wetu ni kweli wanakula hata minyororo, kwa hiyo sikubisha. Ila kitu kisicho na waya kinahamishika, na mtu mwerevu kuliko mimi angelifikiria hilo palepale kwenye simu.

Nikaanza mwezi wa tatu, mahindi yakiwa bado shambani na ghala tupu linapiga mwangwi. Vile vidude vidogo vya kupima joto, unyevu na mtetemo wa mashine wafanyakazi waliviita masikio, na mimi nikalichukua jina hilo maana lilikuwa zuri kuliko la kwenye kitabu. Kila sikio lina sauti ndogo, halifiki mbali. Haliwezi kupiga kelele mpaka ofisini. Linamnong'oneza jirani yake, jirani anamnong'oneza mwingine, hivyo hivyo hadi habari ifike kwenye sanduku kubwa la ofisini, ambalo ndilo linaloipeleka Dar.

Watu wanadhani ufundi ni kuweka masikio mengi. Ukiweka mengi yanaingiliana, yote yanaongea kwa pamoja, hakuna anayesikika, kama kikao cha harusi. Ukiweka machache, moja likifa linakata wote walio nyuma yake. Kazi ni kupata kiasi kile ambacho ukipunguza moja unaharibu na ukiongeza moja unaharibu. Nilikesha na kalamu mpaka mke wangu akaniuliza kama nimepata mwanamke anayeishi ndani ya karatasi.

Jibu nililipata kwenye msiba. Alifariki mzee mmoja mtaani kwetu, na nikagundua kwamba habari imenifikia kabla hata maturubai hayajafungwa, na hakuna aliyekimbia. Kila nyumba imeambia nyumba mbili. Kuna majirani wawili pale hawasemeshani tangu ugomvi wa mfereji, lakini habari haikukwama kwao, ilizunguka kwa nyuma ikaingia kwa upande mwingine. Nikarudi nikachora ghala lile kama mtaa wenye msiba. Kila sikio lisikiane na masikio mawili mengine, yakikosana lipo la tatu la kuzunguka.

Kikwazo kilikuwa mahindi yenyewe. Punje unayoiona kavu ina maji ndani, na mawimbi yakiingia kwenye lundo la magunia yanafia mle mle. Hilo nilikuwa nalijua, sikukurupuka. Nilipima kwa magunia yaliyobaki ya mwaka uliopita, nikayamwagia maji makusudi, nikapima tena. Mwisho nikaamua kwamba kati ya lundo na lundo lazima ibaki njia tupu, upana wa mtu kupita na toroli, na sauti za masikio zitapita humo. Njia zile nikazipaka mipaka ya rangi ya njano sakafuni, mistari imenyooka kama imechorwa na malaika mwenye rula. Nikamwita msimamizi wa ghala nimwonyeshe.

Huyu alikuwa mama wa Kifipa, mnene, funguo shingoni, sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisani. Watoto wa pale getini walimwogopa kuliko polisi. Nilimweleza kwamba katikati ya mistari ile hapawekwi kitu, hata ndoo. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye akisema kitu hakiwekwi, hakiwekwi. Na alisema kweli. Kuanzia mavuno mpaka mwezi wa kumi zile njia zilikuwa safi, ungeweza kulala.

Siwezi kueleza uzuri wa miezi ile bila kuonekana mwongo, na mimi tayari nina sifa hiyo. Skrini ya ofisini ilijaa nukta za kijani. Roli, lile gurudumu la kusagia, likianza kuchemka, Dar wanajua kabla msagaji hajashika kiuno. Mara moja lundo lilipata joto kwa ndani, sikio likasema, tukalifumua, tukakuta magunia yaliyoletwa mabichi, tukayaanika yakapona. Wapagazi wakaanza kuniita daktari. Mama lishe akaniongezea nyama bila kuombwa. Alhaji alikuwa akija asubuhi anasimama mbele ya ile skrini mikono nyuma, haelewi chochote, anasema Mashaallah, anaondoka. Hata bosi mdogo aliandika ujumbe kwamba mambo yanakwenda vizuri, na kwa mtu wa namna yake hiyo ni sawa na kuchinja ng'ombe.

Kisha wanunuzi wa nje hawakuja.

Kila mwaka hupanda na malori yao, wanajaza, wanashuka. Mwaka ule hawakupanda. Sababu zilikuwa nyingi kama watu wa kuzisimulia: mpaka umefungwa, mpaka umefunguliwa lakini mahindi ni mengi kwingine, bei imeanguka. Na shamba lilikuwa limezaa bila adabu. Uwanda wote ulijaa magunia ambayo kiwanda peke yake kisingeyamaliza. Yalipangwa vibarazani, chini ya miti, kando ya lami, ndani ya madarasa wakati wa likizo, na lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi na kushonewa kichwa juu ya kichwa, zikasimama barabarani kama watu wanaosubiri usafiri. Mwezi wa kumi na moja mawingu yakaanza kukaa juu ya milima ya Mbizi na hayakuondoka.

Gunia la kwanza nililikuta asubuhi, katikati ya mistari ya njano. Nikamtafuta mama wa ghala.

"Mama, ile njia."

"Njia ipo, mwanangu. Limekaa gunia moja tu."

"La nani?"

Akanielekeza kwa kidevu. Mlangoni alikuwa amekaa bibi mmoja mwembamba, kanga imelowa mabegani, baiskeli imeegemezwa ukutani. Alikuwa ameisukuma kutoka shambani na gunia juu yake, maana kuiendesha hajui.

"Nimwambie nini?" akasema mama wa ghala. "Kwamba sakafu imepakwa rangi?"

Nilimwomba basi lihamishiwe upande mwingine. Akaniambia nimwonyeshe huo upande. Tukatembea ghala zima mimi na yeye, na mwisho wa kutembea sikuwa na cha kuonyesha. Nikarudi ofisini, nikaangalia skrini. Nukta zote bado kijani. Gunia moja habari zinalizunguka. Niliona fahari, kusema kweli, jinsi mtaa wangu wa msiba ulivyolipita.

Lakini wengine walikuwa wameona kwamba la bibi limeingia. Mchana wake yakaja mengine, kesho yake yakaja kwa mikokoteni, kwa pikipiki, kwa vichwa. Mama wa ghala hakukataa hata moja. Mtu anafika amelowa, anamsalimia kwa unyenyekevu, anauliza habari za nyumbani, za kwaya, za mguu wake unaouma, na ukishaulizwa mguu wako huwezi tena kumwambia mtu arudi na mahindi yake kwenye mvua. Hakuna mbunifu wa mitandao duniani aliyeweka hilo kwenye mahesabu. Niliweka unyevu, niliweka kutu, niliweka panya. Kuwasitiri watu sikukuweka.

Nukta zikaanza kuwa za kijivu. Kwanza upande wa ukuta wa nyuma, moja, halafu jirani yake, halafu safu. Sikio lenyewe halijafa, lipo linaongea mle ndani kama mtu aliyefungiwa stoo, ila hakuna anayelisikia. Nilijaribu kila kitu. Nilipandisha masikio ya akiba juu ya nguzo za mianzi, nikitarajia yasemezane chini ya bati. Wapagazi wakapanga lumbesa mpaka batini. Nikamwomba bosi mdogo aniruhusu waya. Akanikumbusha kwamba makubaliano ni bila waya, na hata hivyo masikio yaliyozikwa nisingeyafikia bila kufumua malundo.

Mwisho akapiga yeye.

"Injinia, huku naona nusu ya ghala imekufa."

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, na hilo lilinitia hofu zaidi kuliko kama angenikatiza. Akasema hana ugomvi na wakulima, wala na baba yake. Njia zisafishwe kabla ya Ijumaa, nukta zirudi, msimu uishe, kiwanda kibaki. Zisiposafishwa atakuwa ameona alichotaka kuona.

Nikaenda kwa Alhaji. Nilimkuta kwenye mkeka wake ofisini, chai ya tangawizi mbele yake, koti zito juu ya kanzu. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikamwambia yote. Nilidhani atakasirika, au ataamua kama mwenye mali anavyoamua. Alizungusha kikombe mpaka chai ikapoa.

"Mimi nikisema yatoke," akasema, "watasema mwenye ghala kawafukuza. Nitaishi nao vipi? Wewe ukisema yatoke, ni fundi anataka njia yake. Watakuelewa."

"Na Alhaji mwenyewe unataka nini?"

"Nataka kiwanda kibaki. Na sitaki kumtoa mtu. Ndiyo maana umekaa hapo."

Sijawahi kupewa heshima nzito kiasi kile, na sijawahi kutamani kiasi kile kwamba ningebaki kufunga taa za watu sebuleni.

Alhamisi asubuhi nikaenda ghalani na wapagazi na maturubai. Mpango wangu ulikuwa magunia ya njiani yatoke nje, yafunikwe, yasubiri. Mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba isiyo na haraka. Maturubai tuliyokuwa nayo yasingefunika hata robo, na hilo nilikuwa nimelijua tangu jana yake, nikajifanya silijui.

Habari ilikuwa imenitangulia. Walikuwa wamekaa juu ya magunia yao kwenye njia zote, kina mama na wazee, kimya, kama watu wanaosubiri ibada ianze. Hakuna aliyenitukana. Waliniamkia, na mimi nikawaamkia wazee, na salamu zile zikachukua muda wake, nyumba kwa nyumba, watoto kwa watoto, hadi wapagazi wangu wakatua maturubai chini. Yule bibi wa baiskeli alikuwa amekaa kwenye lile gunia lake la kwanza.

"Ndiwe mwenye masikio?" akaniuliza.

"Ndimi, bibi."

"Haya yakitoka hapa, yaende wapi?"

Nina maneno mengi mimi. Mke wangu anasema nikifa mdomo utazikwa kesho yake. Pale sikupata hata moja. Niliangalia mstari wa njano ulivyopita chini ya miguu yake, umeanza kufutika kwa matope. Nikawaambia wapagazi waende wakanywe chai.

Nilimpigia bosi mdogo nikiwa nimesimama mlangoni. Nikamwambia magunia hayatoki. Nikajaribu kuongeza kwamba mtandao wenyewe ni mzima, kwamba njia zikipatikana utaamka wote, kwamba tatizo si la ufundi.

"Najua si la ufundi, kaka," akasema. "Basi."

Malori yalipanda baada ya mwaka mpya. Mafundi wa Morogoro walifungua mashine kwa siku chache wakazifunga kwa minyororo, na nusu ya mji ilisimama kando ya lami kuangalia. Alhaji hakutoka nyumbani. Wasagaji walipewa haki zao na barua nzuri. Mama lishe alibaki getini wiki nzima akipika chakula kilekile, kwa mazoea tu nadhani, halafu siku moja hakuja.

Ningependa kusema kwamba angalau mahindi ya watu yalipona, na kweli yalipona, yalikuwa makavu kama siku yalipoingia. Lakini kiwanda kilichokuwa kinayanunua hakipo. Walipokuja walanguzi wawili watatu kutoka Mbeya na malori yao, walikuta watu wana ghala la mahindi na hawana pa kuyapeleka, wakataja bei waliyotaka. Yule bibi aliuza. Nilikuwepo. Alihesabiwa noti mkononi, akazitazama, akaniangalia mimi, si kwa ubaya, kama mtu anayeangalia nje kuona kama mvua imekatika. Wapo waliokuwa wamekaa juu ya magunia Alhamisi ile ambao sasa wanasema fundi ndiye aliyeondoa kiwanda kwa kuwa mitambo yake haikufanya kazi. Sibishani nao. Nikikutana nao Majengo tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za nyumbani, na hakuna upande unaotaja mahindi.

Nimekaa sana nikitafuta mahali ambapo ningeamua vinginevyo, na kila nikifika kwenye swali la bibi naishiwa tena. Ningewatoa, kiwanda kingebaki na mahindi yao yangeoza nje, wangerudi kuuza kwenye kiwanda kilichoozesha mahindi yao. Sikuwatoa, na haya ndiyo matokeo. Kitabuni kulikuwa na sura nzima ya kutafuta njia bora kuliko zote. Haikusema ufanye nini zisipokuwepo hata mbili za kuchagua.

Kazi ya mwisho ilikuwa kufungua masikio, maana yalikuwa mali ya familia. Nilikwenda siku ambayo lori la mwisho la mahindi lilikuwa linapakiwa. Nikafungua kompyuta ofisini ili nijue la kuanzia, na nikakuta nukta zinawaka kijani. Kadiri magunia yalivyotoka, yalikuwa yanaamka moja moja, yanatafutana, yanaunganisha habari. Mpaka mchana ghala zima lilikuwa linaongea, hakuna hata nukta moja ya kijivu, linaipelekea Dar joto la sakafu tupu.

Simu ikaita.

"Injinia, mbona sasa yote yanasoma?"

"Kwa sababu hakuna kitu," nikamwambia.

Akaniomba niyafungue taratibu, nisipoteze skrubu, kwamba yanahitajika Morogoro, na kama nataka kazi huko ipo. Nikamwambia nitafikiria. Nikachukua ngazi, nikaanza na lile la ukuta wa nyuma.